Meli iliyopakwa grisi kabla ya kuzamishwa: historia ya Liemba katika ziwa Tanganyika

Mvua ikikatika, mwezi wa tano, upepo wa kusi unaanza kusukuma mawimbi kutoka upande wa Zambia, na mwambao wa ziwa Tanganyika kutoka Moba hadi Uvira unabadilika sura. Mitumbwi inavutwa juu ya mchanga. Moteri zinafunguliwa, zinabebwa begani mpaka nyumbani, zinasimamishwa kwenye kona ya chumba karibu na pale watoto wanapolala. Tangu mwaka 2024 siku za chombo kukaa pembeni zimeongezeka, kwa sababu ya mpango wa kufunga uvuvi kwa miezi 3, kuanzia tarehe 15 mwezi wa tano hadi tarehe 15 mwezi wa nane, ili samaki wapate nafasi ya kuzaa.

Asiyejua ziwa hufikiri chombo kinaharibika kwa kazi tu. Mwenye chombo anajua kwamba kukaa nako kunakiua. Mbao zilizozoea maji zikipigwa na jua la kiangazi kwa wiki chache zinajikunja na kuachana, na pamba iliyoshindiliwa katikati yake pamoja na mawese inakauka na kudondoka. Mchwa wanapanda kutoka chini. Petroli iliyoachwa ndani ya moteri inageuka kuwa kitu cha kunata, inaziba vitundu vya karbirateri. Unyevu kidogo uliobaki ndani ya silinda unaleta kutu, na siku ya kurudi kazini mtu anavuta kamba, anavuta tena, mkono unauma, moteri haisemi kitu.

Kwa hiyo kuna desturi zake. Petroli inamwagwa yote. Buji inafunguliwa, matone ya mafuta yanatiwa ndani, kamba inavutwa polepole ili mafuta yaenee, kisha buji inarudishwa. Mtumbwi unapinduliwa juu ya mawe au magogo usiguse udongo, unafunikwa kwa nyasi au kwa bashi. Wengine hufanya kinyume kabisa: wanaujaza mtumbwi mawe na kuuzamisha kwenye maji mafupi, ukae humo humo mpaka siku ya kazi. Mgeni akiona hivyo atasema hawa wamechoka na mali yao. Lakini mbao isiyokauka haipasuki, na mtumbwi usioonekana hauibiwi.

Familia zilizokimbia vita katika vijiji vya Fizi, Uvira na Tanganyika zinalielewa jambo hili kuliko wengine. Anayekimbia usiku hapati saa ya kumwaga petroli wala ya kutafuta magogo. Anaacha mtumbwi ulipo, au anaupanda na kuacha kila kitu kingine. Akirudi baada ya mwaka, kama anarudi, anakuta mbao zimepasuka au zimekuwa kuni za mtu.

Zaidi ya miaka 100 iliyopita, katika ziwa hili hili, watu 3 waliotoka Ujerumani walipata siku chache za kufanya vizuri jambo ambalo wengi hulifanya kwa haraka. Waliambiwa wazamishe meli ya chuma yenye urefu wa karibu mita 70, adui asiipate. Wakaizamisha. Lakini kwanza waliipaka grisi.

Meli hiyo ilijengwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer Werft, mjini Papenburg, kaskazini mwa Ujerumani. Iliitwa Graf von Götzen, kwa jina la mtu ambaye wakaaji wa Kivu wana sababu ya kumjua: ni yule afisa wa Kijerumani aliyepita Rwanda mwaka 1894 na kufika kwenye ziwa Kivu, kisha akawa gavana wa Afrika Mashariki ya Wadachi tangu mwaka 1901 hadi 1906, wakati vita vya Maji Maji vilipowaka.

Papenburg ni mbali sana na Tanganyika, na hakuna mto unaofikisha meli kubwa kutoka baharini mpaka hapa. Ndiyo maana ilijengwa kwa namna ya ajabu kidogo. Mafundi waliiunga kwanza kwa boliti, wakahakikisha kila bamba linakaa mahali pake, kisha wakaifungua yote na kuipanga ndani ya masanduku. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni masanduku 5,000. Yalikwenda kwa meli za baharini mpaka Dar es Salaam, halafu kwa reli mpya ya kati, ambayo ilifika Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914, baada ya kilometa kama 1,250 za njia.

Pamoja na masanduku walikuja mafundi 3 wa karakana ile: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Kazi yao ilikuwa kuiunga upya, safari hii kwa ribiti, moja moja, zinapigwa zikiwa za moto. Walifanya kazi hiyo na mafundi Wahindi na vibarua Waafrika wengi, ambao vitabu havitaji majina yao, ingawa mikono yao ndiyo iliyopiga sehemu kubwa ya ribiti zile. Wakati wanaanza kulikuwa amani. Walipokuwa katikati ya kazi, mwezi wa nane mwaka 1914, vita vya dunia vilianza, na meli ya abiria na mizigo ikageuka kuwa meli ya vita kabla haijagusa maji. Iliteremshwa ziwani tarehe 5 mwezi wa pili mwaka 1915.

Upande wa Kongo, Wabeleji walikuwa wamekwisha kuonja ubaya wa kutokuwa na chombo. Walikuwa na meli ndogo ya mvuke, Alexandre Delcommune. Mwezi ule ule wa nane 1914 Wadachi walivuka wakaipiga mizinga pale Lukuga, mahali ambapo leo ni Kalemie, wakaiacha haifai kitu. Wabeleji walikuwa na meli nyingine kubwa, Baron Dhanis, lakini ilikuwa bado vipande vipande, imehifadhiwa bara, na hawakuthubutu kuiunga ufukweni mbele ya mizinga ya adui. Meli iliyomo ndani ya masanduku haizami, hiyo ni kweli, lakini pia haimzuii mtu kupita. Kwa zaidi ya mwaka mzima, kutoka Uvira hadi Moba, mwenye ziwa alikuwa Mdachi.

Habari ya namna Waingereza walivyoleta boti 2 ndogo za mbao, Mimi na Toutou, imesimuliwa mara nyingi mno, na mara nyingi kwa kumcheka kamanda wao Geoffrey Spicer-Simson, mtu wa majivuno. Inatosha kusema kwamba zilitoka rasi ya kusini mwa Afrika kwa reli kupitia Elisabethville, ambayo ni Lubumbashi, mpaka Fungurume. Zikavutwa juu ya milima ya Mitumba kwa mashine za mvuke, kwa ng'ombe na kwa nguvu za watu. Zikateremka mto Lualaba kutoka Bukama hadi Kabalo. Na mwisho wa mwezi wa kumi 1915 zikafika Lukuga kwa reli. Sehemu isiyosimuliwa sana ni ile iliyofuata. Boti zile hazikuingizwa ziwani papo hapo. Zilifichwa, na ufukweni ikajengwa kwanza bandari ndogo yenye kinga ya mawe, maana pale Lukuga hakuna ghuba ya kujificha, na kusi likishika linaweza kuvunja chombo kilichofungwa kwa nanga kama linavyovunja kile kilichoko safarini. Ni tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili tu ndipo zilitoka, zikaiteka boti ya Wadachi iliyoitwa Kingani. Tarehe 9 mwezi wa pili 1916 ikazamishwa nyingine, Hedwig von Wissmann.

Ilibaki ile kubwa. Spicer-Simson hakutaka kupigana nayo. Mwezi wa sita 1916 ndege za Wabeleji zinazotua juu ya maji, zilizoletwa vipande vipande kwa njia ndefu kama ile ya boti, zilianza kuruka kutoka karibu na Lukuga na kutupa mabomu Kigoma. Meli haikuzamishwa na mabomu hayo. Kilichoiua, kama neno hilo linafaa, kilikuja kwa miguu.

Askari wa Force Publique walikuwa wameanza kushuka tangu mwezi wa nne mwaka ule kutoka Kivu, wakapita Rwanda na Burundi. Nyuma yao walikuwa wapagazi Wakongomani wengi sana, waliochukuliwa vijijini kubeba unga, risasi na vipande vya mizinga, na wengi hawakurudi kwao. Brigedi ya kanali Olsen ilifuata upande wa Ruzizi na ziwa, ikielekea Kigoma. Wadachi waliona kwamba mji hautashikika. Mzinga mkubwa uliokuwa juu ya Götzen ulikuwa umekwisha kuondolewa ili utumike nchi kavu. Meli ilibaki bila meno, na bila mahali pa kukimbilia, kwa sababu ziwa ni refu lakini halina mlango wa kutokea baharini.

Kamanda wa Wadachi upande wa ziwa, Gustav Zimmer, alitoa amri ya kuizamisha. Kazi wakapewa wale wale walioijenga.

Hapa inafaa kusimama kidogo na kufikiri ni njia gani walizokuwa nazo. Wangeweza kuipasua kwa baruti. Wangeweza kuipeleka katikati ya ziwa. Tanganyika ina kina cha mita 1,470 mahali pake pa chini kabisa. Ni la pili duniani kwa kina baada ya ziwa Baikal, na chuma kinachokwenda huko hakirudi. Askari aliyekasirika angefanya hivyo bila kujiuliza mara mbili. Rüter na wenzake walichagua maji mafupi, kina cha mita 20 hivi, upande wa mlango wa mto Malagarasi, kusini ya Kigoma. Waliijaza mchanga ili ishuke na kutulia chini bila kupinduka na kutembezwa na mawimbi. Na kabla ya hapo waliingia chini kwenye mashine wakazipaka grisi nene, kila sehemu ya chuma inayosogea na ile inayong'aa.

Tarehe 26 mwezi wa saba 1916 meli ilizama polepole, ikiwa imesimama vizuri. Siku 2 baadaye askari wa Olsen waliingia Kigoma.

Grisi inafanya nini? Kutu haiji kwa maji peke yake. Inahitaji maji na hewa vikutane juu ya chuma. Mafuta mazito yakishika vizuri yanakaa kama ngozi ya pili: maji hayafiki, na hewa iliyomo ndani ya maji haifiki pia. Mafuta mepesi yangeoshwa yote katika wiki za kwanza. Grisi nzito haiyeyuki katika maji na haiondoki kwa urahisi. Tena maji ya Tanganyika si maji ya bahari. Chumvi ya bahari ingeila meli ile kwa kasi nyingine kabisa.

Mafundi wa nchi za baridi wanazijua kazi hizi tangu ujana, kwa sababu huko kwao chombo kinalazwa kila mwaka. Kabla ya miezi ya baridi, mwenye boti ya matembezi au ya uvuvi anaitoa majini, anakausha maji yote yaliyomo ndani ya mashine, kwani maji yakiganda yanapanuka na kupasua hata chuma kinene, anatia mafuta, anafunika, na anaiacha mpaka jua lirudi. Adui wa mtu wa Papenburg ni barafu. Wa mtu wa Kalemie ni jua la kiangazi na mchwa. Kazi ya mikono inafanana sana, na anayeifanya siku zote anafikiria siku ya kukitumia chombo tena. Hakuna anayepaka grisi kitu ambacho amekikatia tamaa.

Mafundi wale walitaraji nini hasa mwaka 1916? Vita vilikuwa havijaisha, na huenda waliamini nchi yao itashinda na watarudi kuichukua. Huenda pia fundi aliyepiga ribiti moja moja kwa muda mrefu hana mkono wa kuiharibu kazi yake, hata akiamriwa. Vyovyote vile, Ujerumani ilishindwa, na nchi ile waliyoihifadhia meli ikapoteza ziwa na kila kilichokuwa chini yake.

Wabeleji walioshika Kigoma walijua meli ipo. Waliinua mwaka 1918, wakaivuta mpaka Kigoma. Na hapo ndipo jambo la kusikitisha lilipotokea, ambalo kila mwenye mtumbwi atalielewa: meli iliyokaa salama miaka 2 chini ya maji ilipotea ikiwa juu yake. Mwaka 1920 dhoruba iliipiga ikazama tena. Safari hii hakuna aliyekuwa ameiandaa. Kuinua ni nusu ya kazi. Chombo kilichotolewa chini kinahitaji mahali pa kufungwa, na mtu wa kukiangalia upepo ukigeuka. Inaelekea Wabeleji walitosheka na furaha ya kuipata.

Mwaka 1921 Kigoma ilikabidhiwa Waingereza, waliopewa utawala wa Tanganyika. Nao walitaka meli. Kujenga mpya kungekuwa na maana ya masanduku mengine maelfu, meli za baharini, reli, mafundi, miaka. Wakaanza kuinua ile ya zamani. Kazi haikuwa nyepesi. Ilichukua muda mrefu kuondoa mchanga na kuirudisha juu. Tarehe 16 mwezi wa tatu 1924 ilielea tena.

Walipofungua chumba cha mashine walikuta grisi imefanya kazi yake. Mashine na matangi ya kuchemshia maji vilikuwa vinafaa kutumika bado, baada ya karibu miaka 8, sehemu kubwa yake ikiwa ni ya kulala majini. Viliposafishwa na kurekebishwa, vilizunguka. Tarehe 16 mwezi wa tano 1927 meli ilianza safari za abiria kwa jina jipya, Liemba, jina la kale la ziwa ambalo Livingstone alilisikia kwa watu wa upande wa kusini. Gavana wa Wadachi aliondolewa ubavuni mwa meli, likaandikwa jina walilotumia wenyeji.

Mashine zile za mvuke, zile zilizopakwa grisi, ziliendelea kufanya kazi mpaka miaka ya 1970, zilipotolewa na kuwekwa za dizeli. Maana yake, baada ya kuinuliwa zilizunguka miaka kama 50 mingine. Kuna mameli yaliyojengwa na kutunzwa bandarini kila siku ambayo hayakufika huko.

Miaka hiyo Liemba ilikuwa kama soko linaloelea. Ilitoka Kigoma kwenda Mpulungu, Zambia, ikisimama njiani mahali pengi, na sehemu nyingi hazikuwa na gati. Mitumbwi ilikuja kuikutana mbali na ufuko, watu wakapanda na kushuka katikati ya mawimbi, na magunia ya dagaa, mananasi, watoto na kuku vikapitishwa mkono kwa mkono. Wakaaji wa mwambao waliijua kwa sauti ya honi yake hata kabla ya kuiona.

Kisha vita vikarudi ziwani, na safari hii vilikuwa vyetu. Kuanzia mwisho wa mwaka 1996, vita vilivyomwondoa Mobutu vilipopita Uvira na Fizi, maelfu kwa maelfu ya Wakongomani walivuka kwenda Kigoma kwa chombo chochote walichokipata. Walikwenda kwa mitumbwi ya uvuvi na kwa boti za mizigo zilizojaa kupita kiasi, na mara nyingi walivuka usiku. Waliobaki na mtumbwi mzima walivusha familia zao na za jirani. Wasiokuwa nao walilipa walichokuwa nacho, au walisubiri ufukweni. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba mtumbwi uliotunzwa kiangazi kizima unaweza kuwa na thamani kuliko nyumba, na ule uliopasuka kwa uzembe wa miezi michache unaweza kumfungia mtu njia.

Mwaka 1997, shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, UNHCR, lilipoanza kuwarudisha watu nyumbani, lilikodi Liemba. Kwa miezi 5 meli ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira, katika operesheni iliyorudisha makumi ya maelfu ya watu. Walioshuka Uvira na magodoro yao, sufuria zao na watoto waliozaliwa kambini hawakuwa na sababu ya kufikiri juu ya mafundi wa Papenburg. Lakini walikuwa wamekanyaga bamba zile zile zilizolala chini ya maji upande wa Malagarasi, na kama mwaka 1916 meli ingepelekwa kwenye maji marefu, safari ile ingetafutiwa chombo kingine, katika ziwa ambalo vyombo vikubwa havijawahi kuwa vingi.

Mwaka 2015 ilifanya tena kazi hiyo hiyo, kwa Warundi. Wakimbizi makumi ya maelfu walikuwa wamejazana Kagunga, kijiji cha Tanzania karibu na mpaka, kilichobanwa kati ya mlima na maji, bila barabara ya gari. Kipindupindu kilikuwa kimeingia. Liemba ilikuja kuwachukua, watu kama 600 kila safari, ikiwapeleka Kigoma. Kama kawaida yake haikuweza kufika ufukweni. Mitumbwi midogo ndiyo iliyowatoa mchangani mpaka ubavuni mwa meli.

Kuna jambo moja katika habari hii ambalo halikai vizuri, na haifai kulificha. Wale waliokuwa na muda, grisi na mchanga mwaka 1916 walikuwa jeshi. Walikuwa na amri iliyokuja mapema, na mafundi wanaojua kila boliti. Mwanakijiji wa leo anayesikia risasi upande wa mlima hana siku 2 za kuandaa mtumbwi wake. Wengine, kwa kuwa wamekimbia mara nyingi, wamejifunza kuandaa kabla: moteri haikai na petroli usiku kama haitumiki, buji inatolewa na kufichwa mahali pengine ili atakayeiba moteri asiweze kuiwasha, mtumbwi unazamishwa kwenye matete mahali ambapo mtu mmoja au wawili wa familia peke yao wanapajua. Wapo waliorudi wakatoa mawe, wakakamua maji, wakapachika pamba mpya, wakaenda ziwani wiki ile ile. Na wapo waliorudi wakakuta matete yamekatwa na mtumbwi haupo. Tena tangu maji ya ziwa yalipopanda katika miaka hii ya karibuni na kumeza nyumba za ufukweni Uvira na Kalemie, alama nyingi za zamani zimepotea: mti uliokuwa ukingoni uko majini, jiwe la kufungia kamba halionekani. Aliyeficha chombo chini ya maji mafupi anaweza kukikuta chini ya maji marefu.

Hata Liemba yenyewe haikuponea grisi ya mara moja. Chuma kinataka kurudiwa. Ilifanyiwa matengenezo makubwa ilipowekewa mashine za dizeli, na tena mwaka 1993 kwa msaada wa Denmark. Kila palipopita miaka mingi bila kazi hiyo, ilianza kuzeeka kwa haraka. Ni miaka kadhaa sasa tangu iache safari zake za kawaida na kulazwa Kigoma kwa ajili ya matengenezo. Mara ya kwanza ililazwa kwa siku chache za kazi nzuri, ikasubiri miaka 8. Kulazwa bandarini, mbele ya macho ya wote, kunaonekana rahisi kuliko kulazwa chini ya ziwa, lakini jua na mvua vinaifikia kila siku, na mwaka 1920 ulionyesha mapema jinsi bandari nayo inavyoweza kuipoteza meli.

Kwa sasa, anayetoka Kalemie kwenda Kigoma, au Moba kwenda Uvira, anapanda boti za mbao za mizigo, zinazoondoka zikijaa na kufika upepo ukipenda. Katika miezi ya kusi wenye boti hizo wanazipandisha kwa zamu, mbili tatu kwa wakati, ili njia isikatike. Mafundi wanazunguka na nyundo na pamba, wakigonga mbao moja moja na kusikiliza mlio wake. Inayolia vizuri inaachwa. Inayojibu kwa sauti nzito inawekewa alama ya makaa, isubiri kubadilishwa kabla boti haijarudi majini.